Nataka kwenda Asmara na baiskeli, rafiki yangu Mueritrea kanipa miwani ya mama yake. Niende au niache?

Mpanda_Meru

Habari zenu wadau. Nina jambo limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, mke wangu kachoka kunisikiliza, nimeona nilete hapa kwenye watu wengi.

Mimi ni mtu wa baiskeli, naendesha na kigrupu chetu hapa Arusha. Tangu Mueritrea Biniam Girmay ashinde zile hatua tatu za Tour de France 2024 akarudi na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano yale, nina hamu moja tu, kuuona mji aliokulia, Asmara. Septemba 2025 nilienda Kigali kwenye mashindano ya dunia nikawaona akina mama wa Eritrea na bendera zao na vigelegele, wallah nilitokwa machozi, kwao baiskeli ni kama Simba na Yanga kwetu. Halafu kuna ile barabara ya kutoka Asmara kushuka Massawa, kilomita kama 115, unaanzia juu zaidi ya mita 2,300 unaishia baharini. Nimeanza kuweka hela ya safari toka Januari.

Sasa shida. Kwenye grupu letu yupo jamaa wa huko huko, alitoroka jeshi, tuko naye miaka mingi na baiskeli yangu anatengeneza yeye. Nilipomwambia naenda kwao nilitegemea afurahi, akanyamaza kimya. Kesho yake akaniambia kaka, nenda, ila ujue dola zako utawabadilishia wale wa serikali, utalala kwao, halafu utarudi hapa utuambie mji msafi, watu wakarimu, hakuna vibaka. Kwamba yeye alikaa jeshini miaka saba bila kujua atatoka lini na huo usafi alikuwa anaufagia yeye. Sikuwa na la kumjibu.

Siku nne baadaye kaja nyumbani na miwani na picha za wanawe, kaniomba nimpelekee mama yake Asmara, mama macho yamekwisha na wajukuu hajawahi kuwaona. Yaani mtu yule yule. Sasa nikienda naona kama namsaliti, nisipoenda miwani inabaki kabatini kwangu. Nyie mngefanyaje?

SemaUkweli_Tz

Mkuu nenda. Unajibebesha mzigo wa Umoja wa Mataifa peke yako. Watu wa Kariakoo wanapishana Guangzhou kila mwezi, nani amewahi kuwauliza habari za wafungwa wa China? Dubai tunaenda, Jeddah tunaenda, Cairo watoto wetu wanasoma. Rais wao Isaias Afwerki yupo madarakani toka uhuru wao 1993, hata uchaguzi mkuu mmoja hajawahi kuitisha, amewekewa vikwazo vya Umoja wa Mataifa 2009 vikaondolewa 2018 na bado kakaa pale pale, sembuse dola zako 600? Kunywa kahawa yako, endesha baiskeli, mpe mama miwani, rudi. Mama anaona, rafiki anafurahi, wewe umeona mji. Mimi sioni tatizo lilipo kwa kweli.

Mama Kabalagala

Samahani kaka SemaUkweli, hapo kwenye "mpe mama miwani" umepita haraka sana, hapo ndipo penyewe.

Mimi niko Kampala, mtaa wetu umejaa Waeritrea na Wahabeshi, nimekaa nao nyumba moja miaka sita. Nimeona watoto wa miaka 18, 19 wanafika wembamba kama vijiti. Kule mtoto akifika darasa la mwisho la sekondari haendi kumalizia shule ya kwao, anapelekwa Sawa, kambi ya jeshi, ndiko anafanyia mtihani, na baada ya hapo ndo keshaingia. Kwa sheria ya 1995 utumishi ni miezi 18. Toka vita na Ethiopia ya 1998 hiyo miezi 18 imekuwa haina mwisho, mtu ana mvi bado yuko kwenye utumishi, wengine si hata wa kushika bunduki, ni walimu, makarani, wajenzi, kwa posho ambayo huwezi kuoa nayo. Ndo maana wanakimbia kwa miguu kupita Sudan mpaka Libya, na ile boti iliyozama Lampedusa Oktoba 2013 wakafa zaidi ya watu 360, wengi walikuwa ni hao hao.

Sasa sikiliza kaka Mpanda. Mtoto akitoroka, anayebaki ndiye anaulizwa. Kuna wazazi walitozwa nakfa 50,000, pesa ya kule, kwa kila mtoto aliyekimbia, asiye nazo anawekwa ndani. Jirani yangu mmoja hapa simu ya mamake anapiga kwa kupitia dada aliyeko Saudia, na wakizungumza wanaongelea mvua na harusi tu, jina la Kampala halitajwi. Wewe mgeni, mrefu, una baiskeli, huongei Kitigrinya, unagonga mlango wa yule mama mchana kweupe, mtaa mzima unajua nani kaja. Wewe Jumapili uko kwenye ndege. Yeye Jumatatu akiulizwa yule mgeni ni nani, kaleta nini, katumwa na nani, atajibu nini?

Sikatai usiende. Ila miwani usibebe mpaka mama mwenyewe aseme ndiyo. Si mwanawe aseme, mama. Mwanawe ana miaka mingi hajaishi pale, hamu ndiyo inayomsemesha.

Mpanda_Meru

Dada asante sana, hilo la kumuuliza mama mwenyewe wallah halikunipitia kabisa. Nilikuwa najiuliza habari ya dhamiri yangu tu.

Mzee wa Mazimbu

Vijana hamjambo. Nisomeni na mimi kidogo, nimezeeka nikiyaona haya.

Mwanangu SemaUkweli, hilo la kusema dola zako 600 hazitamwangusha mtu tuliambiwa hivyo hivyo kuhusu Afrika Kusini. Juni 1959 Mwalimu alikuwa London, hata uhuru bado hatujapata, akapanda jukwaani kwenye mkutano uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za makaburu. Machungwa na sigara tu. Wakacheka wengi. Machi 1961 akaandika kwenye gazeti la kule Uingereza kwamba Tanganyika haitaingia Jumuiya ya Madola kama Afrika Kusini ya makaburu imo, na mwezi huo huo wakajitoa. 1963 nchi za Afrika zikaanza kuwafungia anga ndege zao wakawa wanazunguka juu ya bahari na mafuta yao. Sisi hapa Morogoro tukawapa ANC ardhi Mazimbu, ile shule ya Solomon Mahlangu ikaanza 1978, nimefanya kazi pale, nimewaona vijana wa Soweto wanalia usiku wakiwa wamelala. Hakuna aliyetuambia shilingi yetu ni ndogo. Ilichukua miaka thelathini na tano.

Kwa hiyo hoja ya udogo mimi siipokei. Ila nami nina swali, maana hayo mambo hayafanani moja kwa moja. Kule Afrika Kusini wenyewe ndio waliotuambia susieni. Luthuli, kiongozi wao, na ANC ndio waliotoa wito, tena wakijua mweusi ndiye ataumia kwanza kwa kukosa kazi, wakasema tuko tayari. Huku Eritrea nani amesema? Mueritrea aliyeko ndani amesema njooni au msije?

Dada wa Göteborg

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo hasa, na jibu lake ndo linaloumiza, hakuna wa kusema.

Nipo Sweden miaka 14, nafanya usafi mahospitalini, na katika mji huu huu mwandishi Mueritrea Dawit Isaak aliwahi kufanya kazi ya usafi kama mimi alipokuja kama mkimbizi. Alipata uraia wa hapa, nchi yake ilipopata uhuru akarudi kwa furaha, akawa mmoja wa wenye gazeti la Setit. Mei 2001 mawaziri na wakubwa wa chama waliandika barua ya wazi wakidai katiba itekelezwe, ile iliyopitishwa 1997 mpaka leo iko kwenye karatasi. Magazeti yakaichapisha. Septemba, ndani ya siku chache, wakakamatwa kumi na moja kati ya wale wakubwa, magazeti yote binafsi yakafungwa, waandishi wakakusanywa, Dawit alichukuliwa tarehe 23. Novemba 2005 wakamwachia siku chache wakamrudisha. Hajawahi kufikishwa mahakamani, miaka zaidi ya 20 sasa, na pasipoti ya Sweden haijamsaidia kitu kwa sababu wao wanamhesabu ni mtu wao. Toka siku ile hakuna gazeti binafsi hata moja, hakuna chama kingine zaidi ya PFDJ, chama cha Isaias. Sasa mtu wa ndani ataongelea wapi kwamba njooni au msije?

Burma (Myanmar) ya zamani ilikuwa tofauti. Serikali ya kijeshi ilipotangaza 1996 mwaka wa watalii, kiongozi wa upinzani Aung San Suu Kyi akasema wazi wazi watu wasije, maana watu walikuwa wanafanyishwa kazi kwa nguvu kuandaa vivutio. 2010 chama chake kikalegeza, watalii binafsi waje, yale makundi makubwa hapana. Mtu alikuwa na sauti ya kufuata, ukubali ukatae.

Na hawa walioko nje pia hawasemi lugha moja. Hapa kuna wanaoimba na bendera ya serikali kwenye matamasha na kulipa ile asilimia mbili ya mapato ubalozini, na kuna wanaokwenda kuyavuruga, Agosti 2023 Stockholm walipigana wakaumizana watu wengi sana. Nafanya kazi na wa pande zote mbili, wanakula meza tofauti. Kwa hiyo kaka usitegemee "Waeritrea" wakupe ruhusa. Una mmoja, huyo fundi wako, na yeye amekwambia mawili yasiyopatana kwa sababu yote mawili ni kweli kwake.

Temeke_Kwetu

Wadau mnaongelea kama mambo ya mbali. Julai 2011 timu ya Red Sea ya Eritrea ilikuja hapa kwetu Kombe la Kagame, ikafika siku ya kurudi wachezaji 13 hawakutokea uwanja wa ndege. Wakaomba hifadhi hapa hapa, baadaye wakapelekwa Marekani. Na 2012 Uganda wakapotea tena wa timu ya taifa na daktari wao. Taifa Stars tulipangwa nao kundi moja kufuzu Kombe la Dunia 2026, Novemba 2023 wakajitoa kabla hata ya mechi ya kwanza. Mimi nilikuwa mtaani nasikia watu wanawacheka kwamba wamezamia. Nilikuwa nacheka na mimi. Mtu anaacha mama yake na kazi ya mpira kwa suruali moja, halafu tunacheka.

Likoni Baridi

Ndugu zangu, mimi nimeingia nchi ile, 2019, kazi ya majokofu, wiki tano. Nitasema nilivyoona.

Mji mzuri, hilo nani atakataa. Mtaa wa Harnet mitende imepangwa, kile kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero cha 1938 kimekaa kama ndege inataka kuruka, UNESCO waliuandika mji mzima 2017. Usiku wa manane utatembea peke yako. Baiskeli kila kona, wazee wa suti na kofia wanaendesha. Watu wake wapole mno, utakaribishwa kahawa mpaka vikombe vitatu na kukataa ni aibu.

Pesa, hakuna mashine ya kutoa hela kwa kadi yako, beba dola taslimu. Rasmi unabadilisha Himbol, ofisi ya kubadilishia fedha, dola moja nakfa 15, na Himbol ni ya chama. Kwa hiyo rafiki yako hajakudanganya, dola yako inapita mkononi mwao kabla haijafika kwa muuza kahawa. Utakachoweza ni kuchagua baada ya hapo, pensheni ndogo za familia zipo, mkahawa wa mama fulani upo, fundi wa baiskeli yupo, usiende kujifungia kwenye lile hoteli kubwa. Kutoka nje ya Asmara ni kibali, unakiomba ofisi ya utalii, na Massawa nayo ni kibali. Intaneti ya simu sahau. Askari, daraja, bandari, ofisi, usipige picha. Ndege ya Addis ilisitishwa Septemba 2024, utapita Cairo au Dubai.

Sasa nije kwa nililolileta hapa, na sijawahi kuliandika mahali. Kulikuwa na kijana alikuwa akija mkahawa ninaokunywa chai, Kiingereza chake safi, akiniuliza habari za Mombasa, feri, Bamburi, mpira. Tukazoeana siku nane tisa. Jioni moja nikamuuliza kwa sauti ya kawaida tu, we uko jeshini mwaka wa ngapi, na lini watakuachia? Nilikuwa nataka kujua, sina nia mbaya. Akatazama meza ya nyuma, akaweka hela mezani, akaondoka na kikombe kimejaa nusu. Hakurudi. Wiki mbili zilizobaki nilikuwa nakaa kiti kile kile kila jioni, hakurudi. Labda aliogopa tu akahama mkahawa. Labda. Mpaka leo nikinywa chai mahali namkumbuka.

Kwa hiyo neno langu ni hili moja, ukienda usiulize. Akianza yeye, sikiliza, na usirudie jina lake popote, wala kwa rafiki yako huyo fundi. Utatamani kuuliza kwa sababu unawaonea huruma, na huruma hiyo ndiyo itawaponza.

SemaUkweli_Tz

Aisee kaka wa Likoni hii imenikaa. Nakubali nilipita haraka kwenye habari ya mama. Ila bado nasema tukisema tusiende kabisa, yule kijana angeongea na nani habari za Bamburi? Tukiwafungia na sisi wamefungwa mara mbili.

Mutu wa Goma

Jambo bandugu. Miye niko wa Goma. Ndugu Mpanda, sikutukane, niko nauliza tu kwa roho safi. Umesema ulilia Kigali ukiona mabendera. Mwezi wa kwanza 2025 waasi wa M23 waliingia mu mji yetu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika wazi Rwanda iko nyuma yao. Mwezi wa pili wabunge wa Ulaya waliomba ile mashindano ya baiskeli iondolewe Kigali. Haikuondolewa. Mwezi wa tisa siye tulikuwa tunaangalia kwa simu batu banapiga mapicha, barabara safi, kila mutu anasifu, na kutoka Kigali mpaka kwetu ni masaa tatu ine ya gari. Ulijiuliza maswali haya ya Asmara mbele ya kwenda kule? Ao unajiuliza sasa juu rafiki yako ni wa Asmara?

Mpanda_Meru

Ndugu yangu wa Goma, hapana. Sikujiuliza. Nilikata tiketi ya basi nikaenda, nikapiga picha, nikaziweka kwenye grupu na maneno ya kusifu barabara. Sikumjua mtu yeyote wa Goma wa kunifanya ninyamaze mezani, na hicho si kisingizio, ndivyo ilivyokuwa. Pole sana kwa yaliyowakuta. Nimesoma maneno yako mara tatu, na leo nimezifuta zile picha ingawa najua hiyo haikupunguzii kitu.

Mutu wa Goma

Asante kwa kujibu. Bengine hawajibukake. Sikukataze kwenda kokote. Ila ukirudi, sema na yale haukuonyeshwa.

Mzee wa Mazimbu

Huyo wa Goma amesema jambo. Tatizo la msafiri ni kwamba anarudi akiwa shahidi, atake asitake. Pale Mazimbu walikuwa wanakuja wageni wa Ulaya waliowahi kupita Johannesburg wanatuambia mbona tumeona mji mzuri, na wale vijana wanawasikiliza. Mpanda, ukirudi Arusha watu watakuuliza kukoje. Jibu lako kwenye hiyo meza, rafiki yako akiwa amekaa pale pale, ulifikirie kabla hujaondoka.

Mpanda_Meru

Wadau narudi na mrejesho, imepita siku kumi na moja.

Nilimwonyesha jamaa huu uzi wote, tukasoma pamoja gereji, yeye Kiswahili chake kizuri. Alipofika kwa kaka wa Likoni akaweka simu chini akatoka nje. Akarudi akasema kijana yule atakuwa alihama mkahawa, ndivyo wanavyofanya, akaniambia nimwandikie hivyo. Sijui kama anajua au anamfariji, ila nimefikisha.

Kisha akampigia shangazi yake Jeddah, shangazi akaongea na mama kwa njia zao, wakaongea habari ya mtu wa mbali anayependa baiskeli. Jibu limekuja juzi. Mama hataki mgeni mlangoni. Kasema miwani shangazi ataileta mwenyewe akienda Pasaka, yeye ana ruhusa zake za kuingia na kutoka. Picha za watoto nazo zisibebwe na mtu asiyejulikana, zitasubiri pamoja na miwani. Ila akasema huyo mtu wa baiskeli akija aende kanisa moja alilolitaja, Jumapili asubuhi, akae tu kwenye ngazi za nje. Asimtafute mtu. Yeye hupita pale. Jamaa kaniambia maana yake anataka kuona mtu aliyemwona mwanawe, basi.

Kwa hiyo naenda. Pensheni ya familia, kibali cha Massawa nitaomba kule kule, simu sitoi mbele ya watu, sitaweka picha ya mtu yeyote mtandaoni, hata ya mwendesha baiskeli mzee wa suti. Na nikirudi nitakaa na jamaa kwanza kabla sijasema neno kwenye grupu.

Kaka wa Likoni nina swali la mwisho, baiskeli niende nayo au nitapata ya kukodi huko huko?

Likoni Baridi

Mwambie rafiki yako nimepokea, Mungu amweke.

Baiskeli acha yako nyumbani, mgeni na baiskeli ya kaboni atatazamwa mji mzima na wewe unataka kukaa kwenye ngazi bila kutazamwa. Mafundi wamejaa mitaa ya nyuma ya soko, utapata chuma nzito ya zamani, breki ukague mara mbili kabla ya ile miteremko ya Massawa. Na ukishamaliza umlipe fundi mwenyewe mkononi.